Grefye Aliyekataa Kauli Moja

Jina lake nalijua vizuri. Nimeliandika mara nyingi kwenye karatasi za chama, nikalisoma kwenye kadi za harusi na za maziko. Lakini nikilitaja hapa hakuna mtu wa mtaa wetu wa Ngagara atakayejua namsema nani. Alikuwa karani wa mahakama mpaka alipostaafu, na kwa kuwa Kifaransa kina neno lake la karani wa namna hiyo, sote tulimwita Grefye: watoto, wakubwa, muuza mkate, hata mkewe akiwa amekasirika.

Mimi nilikuwa msaidizi wake. Yeye alikuwa katibu wa tawi la chama chetu cha siasa, mimi katibu msaidizi, maana yake yeye aliandika na mimi nilibeba madaftari. Nilifanya hivyo miaka sita. Mchana nafundisha, jioni nakaa kwenye ua wa Mwenyekiti, nyuma ya duka lake la mabati na misumari, nikimsikiliza Grefye akivuruga vikao.

Alivivuruga kwa kuandika. Mtu akisimama na kusema "watu wanalalamika," Grefye aliinua kalamu.

"Watu gani?"

"Watu tu, Mzee."

"Watu tu si watu. Nipe jina."

Hapo mtu aliyekuwa na maneno mengi aligundua kwamba watu wote wanaolalamika ni yeye na shemeji yake. Kikao cha saa moja kilikwenda saa tatu. Mbu walitula, watoto wetu walilala bila kukaguliwa madaftari yao, na Grefye bado anauliza kama neno lililosemwa lilikuwa "tutajaribu" au "tutafanya," kwa sababu hayo kwake yalikuwa mambo mawili tofauti.

Siku moja Mwenyekiti, kwa hasira za kusubiri, alisema mtu akichelewa tena atamng'oa meno. Tulicheka, tukasahau. Kikao kilichofuata Grefye alisimama, akavaa miwani, akasoma kwa sauti ile ya mahakamani: "Mwenyekiti alitangaza kwamba atamng'oa meno yeyote atakayechelewa. Hakuna aliyepinga."

"Grefye, ile nilisema kwa kucheka!"

"Sawa. Nitaongeza."

Akainama, akaandika polepole, akasoma tena: "Kwa kucheka."

Mwenyekiti alinitazama mimi, kana kwamba nilikuwa na dawa ya mzee huyu. Sikuwa nayo. Nilikuwa nimeshajaribu kumwambia kwamba chama si mahakama. Aliniuliza nani alisema ni mahakama.

Hakuacha mambo yake nje ya kikao. Kwenye harusi ya mpwa wangu, kule Buyenzi nilikozaliwa, msema-chochote alishika kipaza sauti akashukuru maelfu ya wageni waliofika. Grefye, aliyekuwa amealikwa kwa heshima yangu, aliniinamia sikioni: "Mia mbili na kumi, na wapishi." Nilimwomba kwa jina la Mungu asisimame. Hakusimama. Lakini chakula chote kile alikuwa na sura ya mtu aliyeibiwa.

Na kwenye maziko ya rafiki yake wa ujana alisimama kweli. Mtoto wa marehemu alikuwa anasema baba yao hakuwahi kugombana na mtu maisha yake yote. Grefye akainua mkono, pale makaburini, mbele ya padri.

"Aligombana na mimi. Mara mbili."

Nilitamani ardhi inimeze. Halafu mjane, aliyekuwa hajanyanyua kichwa tangu asubuhi, akaanza kucheka. "Ni kweli," akasema. "Ya kwanza ilikuwa juu ya baiskeli. Ya pili sijui." Grefye akamweleza ya pili. Watu wakaanza kukumbuka ugomvi wao na marehemu, na mtu aliyekuwa amelala pale kwenye sanduku akaanza kufanana na yule tuliyemjua. Bado naamini haikuwa adabu. Lakini mjane alimshukuru, na mimi nilirudi nyumbani nimekasirika bila kujua nimkasirikie nani.

Mtu atadhani basi alikuwa mnyoofu kama rula. Hakuwa. Kila Jumapili baada ya misa alicheza karata na wastaafu wenzake watatu barazani kwake, na alikuwa mwizi wa karata asiye na haya. Alizificha ndani ya kofia, chini ya paja, mara moja ndani ya kitabu cha nyimbo za kanisa. Nilimkuta na karata aliyoitoa mkononi mwa jirani aliyesinzia.

"Mzee! We mutu wa mahakama!"

"Karata si ushahidi, Madamu," akasema, akaitupa mezani.

Aliniita Madamu kwa sababu ya ualimu wangu. Akitaka kitu aliniita mwanangu. Na mara nyingi alichotaka kilikuwa sukari. Ugonjwa wa kisukari ulikuwa umemshika miaka mingi na mkewe alimlinda kama askari, kwa hiyo alikuja kwangu na daftari kwapani, tuna kazi, anasema, na kazi yenyewe ilikuwa kikombe cha chai chenye vijiko vitatu.

"Mama akiniuliza nitamwambia nini?" nilimuuliza.

"Usiseme uongo," akanijibu. "Ila usimpe nafasi ya kukuuliza."

Jambo moja lilinifanya nivumilie. Wanawake wa mtaa wetu wasiojua kuandika walikwenda kwake kuandikiwa barua za ofisini, na hakuwachukulia kitu. Aliandika vile vile walivyosema, matusi yakiwemo, kisha akawasomea. Nilimsikia akimwambia mmoja, kwa upole ambao sikuwahi kuusikia kwenye vikao, "Mama, hii ya 'mbwa mweusi,' tuitoe?" Mama akafikiri, akasema itolewe. Akaifuta.

"Kumbe unajua kufuta!" nikamwambia.

"Neno ni lake. Yeye anaweza kulifuta," akasema. "Mi siwezi."

Nililichukulia kuwa moja ya majibu yake ya kuchosha, nikaendelea kuchambua mboga zangu za lengalenga.

Kisha ukaja wakati wa chama kuchagua mtu atakayegombea urais wa nchi. Waliotaka walikuwa wawili, Daktari na Injinia, na ikaamuliwa kwamba wanachama wa kila tawi watapiga kura. Mimi nilikuwa wa Daktari. Alikuwa amesema maneno mazito juu ya shule na walimu, na mimi ni mwalimu, sina haja ya kujificha. Grefye alikuwa wa Injinia. Alisema mtu anayejua maji ya mvua yapite wapi anaweza kuaminiwa na mengine. Mwenyekiti naye alikuwa wa Injinia, kwa sababu zake.

Sijui niieleze vipi miezi ile. Hatukuwa tunashindana na chama kingine. Tulikuwa sisi kwa sisi, watu wa milango inayotazamana, waliooana na kuzikana. Fundi cherehani wa mtaa wetu, mwanamke aliyetushonea sote tangu tulipokuwa wasichana, aliwashonea wanawake wa Daktari sare. Wateja wake wa upande wa Injinia walikuja mmoja mmoja kuchukua vitambaa vyao, vikiwa havijakatwa. Mwenyekiti aliacha kumsalimu mume wangu. Kwenye ubatizo mmoja watu walikaa pande mbili za ua, na mwenye sherehe alilazimika kutoa hotuba mbili. Walituita wagonjwa. Tuliwaita mifuko ya saruji. Mimi mwenyewe, sokoni, mbele ya watu, nilisema anayemtaka Injinia ana zege kichwani. Grefye alikuwa nyuma yangu ananunua ndizi.

"Niandike?" akauliza.

"Mzee, tuko sokoni!"

"Nauliza tu."

Siku ya kura tulikuwa tisini na sita kwenye ua wa Mwenyekiti. Grefye alifungua sanduku, akatoa karatasi moja moja, akaisoma, akaionyesha kulia, akaionyesha kushoto. Ilimchukua muda wa kupika maharage. Katikati akatoa karatasi iliyowekwa alama kwa wote wawili, na chini yake maneno: Mungu awabariki wote. Akaitazama muda mrefu kidogo kuliko nyingine.

"Imeharibika," akasema, akaiweka pembeni.

Ilikuwa ya mkewe. Yeye mwenyewe alitutangazia baadaye kisimani, na Grefye alikula ugali baridi siku tatu.

Injinia hamsini na mbili. Daktari arobaini na tatu. Imeharibika moja. Watu wa Injinia wakaanza kuimba, wetu wakaanza kutoka. Grefye akapiga meza kwa kiganja.

"Hakuna kutoka. Sijasoma."

Akasoma yote. Akataka kila upande utoe mtu wa kutia sahihi. Wa Daktari nikawa mimi. Nilitia sahihi huku machozi yananilenga, na wale wenzangu arobaini na mbili wakiniangalia, kisha tukaenda nyumbani. Tulikuwa tumeshindwa, lakini hakuna aliyesema tumeibiwa. Thamani ya hilo niliielewa baadaye sana.

Injinia alishinda pia kura za chama nchi nzima, kwa shida. Chama kilikuwa kimechanika. Basi makao makuu wakatuma watu kwenye matawi kuleta umoja. Mjumbe wa kwetu alikuja na gari wakati ambapo mjini hakukuwa na petroli, na watu walilitazama gari kuliko walivyomtazama yeye. Alikuwa kijana mwenye adabu. Alituambia taifa linatuangalia. Kwa hiyo kila tawi litume kumbukumbu mpya za kikao, zinazosema kwamba lilimchagua Injinia kwa kauli moja.

Mwenyekiti akapiga makofi. Grefye akainua kalamu.

"Na wale arobaini na tatu?"

"Wamekubali kuungana, Mzee. Si ndiyo?" Mjumbe akatutazama. Baadhi yetu tukaitikia kwa vichwa.

"Wamekubali leo," Grefye akasema. "Siku ile walimtaka mwingine. Naandika yote mawili. Walimtaka Daktari, wakashindwa, leo wamekubali. Ni barua nzuri. Hata mi nitaipenda."

"Apana, Mzee. Itachanganya watu."

"Itachanganya nini? Ndivyo ilivyokuwa."

Mjumbe akavuta subira. "Mzee wangu, we ulimpigia nani?"

"Injinia."

Ua mzima ukaguna. Mjumbe alifungua mikono. "Sasa! Mutu wako ameshinda. Shida yako ni nini?"

"Sina shida," akasema Grefye. "Niko na daftari."

Nilikuwa tayari kumrushia kiti. Mimi ndiye niliyeshindwa! Mimi ndiye niliyekuwa na haki ya kununa, na nilikuwa nimechoka kununa. Nilitaka fundi cherehani apate wateja wake. Nilitaka Mwenyekiti amsalimu mume wangu. Tulipokuwa tunarudi nilimfuata njia nzima nikimsema.

"Mzee, kura ni yangu. Mi nimeshasamehe. Futa!"

"Yako naweza kufuta, kama unataka," akasema. "Hao wengine umewauliza?"

"Nitawauliza vipi watu wote hao?"

"Mulango kwa mulango. Ngagara si kubwa."

"Kwa ajili ya karatasi moja?"

Grefye alikuwa anatembea kwa shida siku zile, miguu imeanza kuvimba, na nilikuwa na hasira kiasi kwamba sikupunguza mwendo.

Juma lile akavuliwa ukatibu. Ilifanyika kwa heshima, wakampa cheti. Jioni Mwenyekiti akaja kwangu, mara ya kwanza tangu ugomvi uanze. Akamsalimu mume wangu kwa mikono miwili. Akakaa, akakubali Fanta, akaniulizia watoto.

"Mama Aisha," akasema, "we ni mutu wa Daktari, kila mutu anajua. Ukisaini we, vita imeisha. Nikisaini mi, watasema tumewakanyaga."

Kisha, kama anayekumbuka jambo lingine kabisa, akasema amesikia shuleni kwetu kuna walimu watakaohamishwa mikoani, na kwamba mkuu wa shule ni mtu wake wa karibu. Hakuniahidi wala hakunitisha. Alilisema tu, akanywa Fanta yake. Mume wangu akaangalia chini.

Nilisaini. Ningependa kusema mkono ulitetemeka, lakini haukutetemeka. Nilisaini kama ninavyosaini ripoti za wanafunzi, haraka, nikaifunga kalamu. Karatasi ilisema watu tisini na sita wa tawi letu walimchagua Injinia kwa kauli moja. Mimi nilikuwa mmoja wao. Kwa sahihi yangu mwenyewe niliandika kwamba sikuwa nimepiga kura niliyoipiga.

Ikafanywa sherehe ya umoja. Mishikaki, bia, ngoma, picha. Nilikumbatiana na watu walioniita mgonjwa. Nilikuwa katibu sasa, nimevaa kitenge kipya, na kila mtu alinipongeza kwa moyo mkubwa. Grefye alikuja. Nilidhani hatakuja, au atakuja na maneno. Alikaa, akala, akapiga makofi mahali pa kupiga makofi. Aliponipita akasimama kidogo, na mimi nikajikaza.

"Madamu," akasema, "mishikaki ya upande ule imeiva zaidi."

Akaendelea na njia yake. Ningemshukuru kama angenipiga kofi.

Kampeni ya nchi ilipoanza ndipo nilipoona nilichokifanya. Tulihitaji watu wa kuzunguka, kuimba, kukaa kwenye vituo siku ya kura. Nilikwenda kwanza kwa fundi cherehani, kwa sababu sauti yake ilikuwa na nguvu na watu walimsikiliza. Alikuwa anashona sare za shule. Hakuinua macho.

"Dada, tunakuhitaji," nikasema. "Tuko kitu kimoja sasa."

"Nani, mi?"

"We."

"Mi siko." Akaendelea kukanyaga cherehani. "Nilisikia karatasi inasema watu wote walimutaka Injinia. Mi sikumutaka. Basi mi siko. Nenda utafute wale wako."

"Dada, ilikuwa kwa ajili ya umoja."

Hapo akainua macho. "Nilishindwa, nikanyamaza. Umenisikia nikilia? Nilishindwa kama mutu. We ndiye uliniondoa."

Nilikwenda kwa wengine. Fundi wa pikipiki, muuza samaki wadogo wa ndagala, mzee wa nyumba ya pembeni. Kila mmoja alinijibu kwa maneno yake, lakini jibu lilikuwa lile lile: hawapo. Katika wenzangu wale wote walikuja wawili, na mmoja alikuja kwa sababu ya fulana. Mwenyekiti akawaita wasaliti. Nikamwambia tuwaombe radhi. Akaniuliza radhi ya nini, wakati walikuwa wamekubali kwa kauli moja.

Wakati tunagombana hivyo, Grefye alianza kutembea. Hakuna aliyemtuma, hakuwa na cheo. Alikuwa amebaki na nakala yake ya siku ile ya kura, iliyoandikwa kwa mkono. Alikwenda mlango kwa mlango, kwa miguu ile iliyovimba, na mvua zilikuwa zimeanza. Alipofika alikaa, akavaa miwani, akamsomea mwenye nyumba: Injinia hamsini na mbili, Daktari arobaini na tatu, imeharibika moja. Akamwonyesha.

"We uko hapa," alimwambia fundi cherehani, kidole kwenye namba. Nilisimuliwa na fundi mwenyewe. "Mumoja katika hawa. Nilikuandika. Sasa niambie, unataka nini ili utoke?"

Fundi alimwambia. Alisema kwa saa mbili. Alimtukana Injinia, alimtukana Mwenyekiti, alinitukana mimi kidogo. Alisema wanawake waliomtoroka na vitambaa warudi waseme kitu. Alisema Daktari apewe nafasi ya kuzungumza, siyo kukaa nyuma kama mfungwa. Grefye aliandika yote. Kisha akaenda nyumba inayofuata.

Injinia alipokuja Ngagara kuonana na wanachama, ua ulijaa. Mwenyekiti alimkaribisha na maneno matamu juu ya umoja wetu. Alipomaliza, Grefye akasimama nyuma kabisa, na karatasi tano.

"Mheshimiwa, mi nilikupigia kura. Niko na maneno ya wale hawakukupigia."

Mwenyekiti akasema hakuna muda. Injinia akatazama karatasi, akamtazama mzee, akasema kuna muda. Basi Grefye akasoma. Safari hii hakuuliza majina, na hakutaja jina la mtu. Alisoma lalamiko moja baada ya jingine kwa sauti ya mahakamani, na lile langu la zege lilikuwemo. Injinia alitoa jasho mbele ya watu mia. Alianza kujitetea, akaacha. Mwishowe akacheka, cheko la mtu aliyechoka, akasema Daktari atazungumza naye jukwaa moja wiki ijayo, hapa hapa, na atazungumza wa kwanza. Na ikawa hivyo. Fundi cherehani alikuja. Walikuja karibu wote.

Nchini hatukushinda. Lakini siku ya kura vituo vya kwetu vilikuwa na watu asubuhi mpaka jioni, na chama hakikuvunjika kama kilivyovunjika kwingine. Mwenyekiti alialikwa makao makuu kueleza alivyoleta umoja Ngagara. Nilimkimbilia Grefye kwa hasira.

"Mzee, sema! Waambie ni nani alifanya!"

"Niwaambie nini? Watu walikuja. Si ndiyo tulitaka?"

"Na uongo wake?"

"Hajaniuliza," akasema, akarudi kwenye karata zake. Mtu aliyesimama makaburini kusahihisha hotuba ya yatima!

Baada ya hapo miguu ilimshinda. Binti yake akamchukua pamoja na mkewe kwenda kuishi nao Kinindo, karibu na ziwa, ambako mume wa binti anafanya kazi na shirika moja na wana nyumba yenye geti. Nilichelewa kwenda. Nilijiambia petroli hakuna, nilijiambia mitihani. Kweli ni kwamba nilikuwa natunga maneno ya kuomba msamaha na kila mara niliyaona hayatoshi. Mwishowe nilinunua samaki, mikeke minne, nikatembea mpaka mjini, nikapata lifti sehemu ya njia, nikamalizia kwa miguu.

Nilimkuta barazani, amefunikwa shuka licha ya joto lile la ziwani. Mguu mmoja ulikuwa umekatwa, na hakuna aliyekuwa ameniambia. Aliniuliza habari za kila nyumba ya mtaa wetu kwa mpangilio, bila kuruka. Nilijibu. Kisha nikasema upesi kabla sijaogopa.

"Mzee, ile karatasi nilisaini mimi."

"Najua. Mwenyekiti alinionyesha."

"Niliogopa kuhamishwa. Na nilikuwa nimechoka. Nisamehe."

Ndani mkewe alikuwa anaongea na samaki.

"Hukuweka tarehe," akasema.

"Tarehe gani?"

"Chini ya sahihi. Palikuwa na nafasi, ukaiacha. Karatasi ya namna hiyo bila tarehe haina nguvu, Madamu. Ningeandika mistari miwili kwa makao makuu, wangeitupa." Alinitazama kama anavyotazamwa shahidi. "Ulisahau, ao uliacha kusudi?"

Nilifikiri. Nilitaka sana kusema niliacha kusudi. Ningelala usingizi tangu siku ile mpaka leo. Nilijaribu kuiona ile meza, ile chupa ya Fanta, mkono wangu.

"Sijui, Mzee," nikasema. "Kweli sijui."

Akaitikia kwa kichwa polepole.

"Kwa nini hukuandika hiyo mistari miwili?" nikamuuliza.

"Wangeuliza nani alisaini." Alivuta shuka. "Mi nimeandika hukumu za watu miaka mingi, mwanangu. Ya kwako sikutaka."

Halafu akaniuliza kama mtaro wa mbele ya shule umezibuliwa, na hakurudi tena kwenye jambo lile. Nilikaa mpaka mkewe alipoleta chakula. Nilikula. Nilimshika mkono nikaaga. Ilikuwa mara ya mwisho, ingawa siku ile hakuna aliyejua.

Nilifika getini nikashindwa kwenda. Nilikaa kwenye ukingo wa barabara, kitenge changu kwenye vumbi, nikalia kwa sauti. Mlinzi, mtu mzima mwenye koti kubwa, akatoka mbio.

"Madamu! Mzee amefariki?"

"Apana. Ni mzima."

"Amekugombeza?"

"Apana."

Akanitazama, akatazama baraza, akanitazama tena. "Sasa unalia nini?"

"Ndiyo hiyo," nikamwambia. "Nilitembea kutoka Ngagara anigombeze."

Aliniletea maji kwenye kikombe cha plastiki, akasimama karibu yangu mpaka nilipomaliza.